Mwanga Unaopima Gesi ya Ziwa Kivu

Umurenge wa Nyakarenzo umo katika wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita kwa jina lake la zamani, Cyangugu, katika milima ya kusini-magharibi mwa Rwanda. Kaskazini mwake liko Ziwa Kivu. Kusini liko bonde la Bugarama, lenye kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilichoanza kazi mwaka 1984. Wilaya hiyo hiyo ina kinu cha umeme cha Gishoma, kilichojengwa kwa uwezo wa megawati 15 ili kichome nyiramugengeri, yaani udongo mweusi wa mabondeni unaowaka kama kuni. Ziwa, saruji na nyiramugengeri ni mambo matatu yaliyo mbali mbali. Lakini mtaalamu wa viwanda akiyatazama huona jambo moja linaloyaunganisha. Katika yote matatu zimo gesi ambazo macho hayazioni, na ambazo pua aghalabu haizisikii.

Gesi hizo ni mali, na pia ni hatari. Tofauti kati ya mali na hatari mara nyingi huwa ni tarakimu moja tu: ni kiasi gani kipo, mahali gani, na kwa wakati gani. Makala haya yanaeleza namna tarakimu hiyo inavyopatikana siku hizi kwa kutumia chombo kidogo kuliko punje ya mtama, yaani leza ya nusukipitishi. Aidha yanaeleza kwa nini jambo hilo linawahusu watu wanaoishi kandokando ya Ziwa Kivu kuliko watu wengi wengine duniani.

HAZINA ILIYOLALA CHINI YA MAJI

Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake hufikia mita 485. Katika maji yake ya chini kabisa zimeyeyuka gesi za aina mbili kwa wingi usiopatikana katika maziwa mengine. Wataalamu wanakadiria kwamba, lau gesi hizo zingetolewa na kupimwa katika hali ya kawaida ya hewa ya nje, zingefika kiasi cha kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na kilomita za ujazo 60 za methani. Methani ndiyo gesi inayowaka. Hewa ya ukaa haiwaki, bali humkosesha mtu pumzi.

Kinachozizuia gesi hizo zisipande ni uzito wa maji yenyewe. Maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito kuliko ya juu, kwa hiyo matabaka hayo hayachanganyiki kwa urahisi. Ni kama chupa ya soda iliyofungwa: maadamu kifuniko kipo, gesi imetulia.

Watu wa Rwanda walianza kuitumia hazina hiyo zamani. Mwaka 1963 kilijengwa kituo kidogo cha majaribio katika rasi ya Rubona, karibu na Gisenyi, na methani yake ikapelekwa katika kiwanda cha bia cha Bralirwa. Hatua kubwa zaidi ilikuja na mradi wa KivuWatt wilayani Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, uliozinduliwa rasmi mwezi Mei mwaka 2016. Tishari lake limetia nanga umbali wa kilomita 13 kutoka pwani. Bomba hushuka hadi kina cha mita zipatazo 350. Maji yanapopanda ndani ya bomba mgandamizo hupungua, gesi hutoka kwa mapovu, na mapovu yenyewe huyavuta maji mengine yapande. Kisha gesi huoshwa kwa maji. Kwa kuwa hewa ya ukaa huyeyuka majini kwa urahisi kuliko methani, sehemu yake kubwa huondoka na maji, na methani iliyobaki husafirishwa kwa bomba hadi kwenye injini za umeme zilizoko nchi kavu. Maji yaliyotolewa gesi hurudishwa ziwani katika kina kilichochaguliwa kwa uangalifu, ili matabaka ya ziwa yasivurugwe.

Katika kila hatua ya kazi hiyo pana swali moja: gesi hii ina methani kiasi gani? Ikiwa ni kidogo mno, injini haitafanya kazi ipasavyo. Ikioshwa kupita kiasi, methani nayo itaondoka na maji, na mali itapotea. Ikivuja ndani ya chumba na kuchanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja inatosha kulipua kila kitu. Basi kupima ndio moyo wa shughuli nzima.

MAZUKU NA NYOS

Yako mambo mawili yanayoonyesha nini hutokea gesi isipopimwa. La kwanza liko jirani. Wakazi wa Goma na vitongoji vyake wana neno lao, mazuku, kwa mashimo na mabonde madogo ambamo hewa ya ukaa hutoka ardhini na kujikusanya. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo hulala chini kama maji kwenye bakuli. Mbuzi huingia akifuata majani asitoke tena. Hata mtu aliyeinama kuokota kitu huweza kupoteza fahamu kabla hajatambua kilichompata.

La pili lilitokea Kamerun. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, hewa ya ukaa iliyokuwa chini ya Ziwa Nyos ilifumuka ghafla, ikateremka mabondeni, na kuwaua watu zaidi ya 1,700 pamoja na mifugo yao. Miaka miwili kabla yake, mwezi Agosti 1984, Ziwa Monoun la nchi hiyo hiyo lilikuwa limeua watu 37. Ziwa Nyos ni dogo sana likilinganishwa na Kivu, na pembezoni mwa Kivu wanaishi watu wapatao milioni mbili.

Ndiyo maana mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na miamba iliyoyeyuka ikasogea chini ya ardhi kuelekea ziwani, hofu haikuwa ya moto peke yake. Tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama. Wengine walivuka mpaka na kuingia Rwanda, na wengine walipanda meli hadi Bukavu, ng'ambo tu ya Rusizi. Ziwa lilibaki limetulia. Lakini mtu anayekimbia na watoto mgongoni ana haki ya kuuliza: ni nani anayejua hali ya gesi leo, na amejuaje?

KUTOKA KWA NDEGE HADI KWENYE LEZA

Wachimba migodi walikuwa wa kwanza kulitafutia jibu swali hilo. Mwaka 1815 Mwingereza Humphry Davy alitengeneza taa iliyozungushiwa wavu wa waya. Ulimi wa moto wake ulibadilika umbo palipokuwa na methani. Baadaye wachimbaji walishuka na ndege wadogo vizimbani, kwa sababu ndege huzimia mapema kuliko mtu. Migodi ya Uingereza iliendelea kuwatumia ndege hao hadi mwaka 1986.

Vikafuata vyombo vya umeme vyenye punje iliyopashwa moto, ambayo juu yake gesi huungua kidogo kidogo, na joto la kuungua huko ndilo linalopimwa. Vyombo hivyo ni vya bei nafuu na vimeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, vina udhaifu. Mvuke wa silikoni huweza kuiharibu punje pasipo mtumiaji kujua. Zaidi ya hayo, gesi haiwezi kuungua pasipo oksijeni. Gesi itokayo chini ya Kivu imejaa hewa ya ukaa wala haina oksijeni ya kutosha. Chombo cha namna hiyo kikitumbukizwa ndani yake huweza kuonyesha kwamba hapana hatari, ilhali hatari imejaa tele.

Leza haihitaji kuunguza chochote. Leza ya kwanza ya nusukipitishi ilitengenezwa nchini Marekani mwaka 1962 na Robert Hall wa kampuni ya General Electric, kwa fuwele ya galiamu aseniki. Nusukipitishi ni kitu ambacho hupitisha umeme kwa kiasi kinachoweza kutawaliwa. Humo mkondo wa umeme hugeuzwa moja kwa moja kuwa mwanga. Lakini leza hiyo ya mwanzo ilitoa mwanga kwa vipindi vifupi tu, tena ilibidi ipozwe kwa naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Chombo cha namna hiyo hakifai kiwandani.

Mwaka 1970 ndipo leza iliyoweza kuwaka mfululizo katika joto la chumba ilipopatikana, kwa kupanga matabaka membamba ya fuwele za aina mbalimbali. Walioifanikisha ni kikundi cha Zhores Alferov huko Leningrad, na Izuo Hayashi na Morton Panish katika maabara ya Bell nchini Marekani. Alferov alipata Nishani ya Nobel ya Fizikia mwaka 2000 pamoja na wenzake wawili.

Baada ya hapo simu ndizo zilizosukuma kazi mbele. Nyuzi za kioo zinazobeba mazungumzo na habari duniani zilihitaji leza nyingi, imara na za bei ndogo, zenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanometa 1,310 na 1,550. Ikatokea kwamba methani hufyonza mwanga wa nanometa 1,654, jirani kabisa na mwanga wa simu. Kwa hiyo viwanda vilivyotengeneza leza za simu viliweza, kwa kubadilisha kidogo mchanganyiko wa fuwele, kutengeneza leza za methani pia. Mwaka 1994 maabara ya Bell ilitoa leza ya aina nyingine kabisa, iliyobuniwa na Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao. Rangi ya mwanga wake hutegemea unene wa matabaka yenye nanometa chache tu. Leza hizo hutoa mwanga wa mawimbi marefu zaidi, ambao gesi nyingi huufyonza kwa nguvu kubwa.

KILA GESI NA RANGI YAKE

Yafaa sasa tueleze kazi yenyewe inavyofanyika. Molekuli ya gesi ni atomu zilizoshikamana mithili ya vitufe vilivyounganishwa kwa springi. Hutikisika kwa mapigo yake maalumu, na hufyonza mwanga ule tu unaolingana na mapigo hayo. Methani ina rangi zake, oksijeni ina zake, na kaboni monoksidi ina zake. Nyingi kati ya rangi hizo hazionekani kwa macho yetu, lakini leza huzitoa na kigunduzi huzipokea. Rangi hizo ni kama neno la siri kwa askari wa zamu: kila gesi ina lake, wala haiwezi kulitamka la mwenzake.

Leza ya nusukipitishi ina sifa mbili zinazoifanya ifae kwa ulinzi huo. Kwanza, mwanga wake ni wa rangi moja nyembamba mno, nyembamba kuliko ule mstari ambao gesi huufyonza. Pili, rangi hiyo huweza kusogezwa kidogo kidogo kwa kuongeza au kupunguza mkondo wa umeme. Basi chombo huisogeza rangi ivuke mstari wa gesi na kurudi, mara nyingi kwa kila sekunde. Mahali penye gesi, mwanga hupungua ghafla katikati ya safari, kisha hurudi. Kina cha upungufu huo ndicho kipimo: gesi ikiwa nyingi, au njia ya mwanga ikiwa ndefu, mwanga unaofika huwa mdogo.

Faida yake kiwandani ni kubwa. Tuchukue tanuri la saruji la kiwanda chochote. Moto ukikosa oksijeni, hutokea kaboni monoksidi, gesi yenye sumu na inayoweza kulipuka. Katika viwanda vinavyochuja vumbi kwa umeme, gesi hiyo ikifika kwenye mtambo wa kuchuja, ambamo cheche hutokea, mlipuko unaweza kufuata. Hapana budi umeme ukatwe mapema. Kwa njia ya zamani, gesi hufyonzwa kwa bomba, ikachujwa, ikapozwa, kisha ikapelekwa kwenye mashine chumbani. Safari hiyo huchukua muda, na bomba huziba kwa vumbi. Leza hurushwa kutoka ukuta mmoja wa bomba la moshi hadi ukuta wa pili kupitia dirisha la kioo, na jibu hupatikana katika sekunde chache. Oksijeni hupimwa kwa mwanga wa nanometa 760. Kaboni monoksidi kwa mwanga wa nanometa zipatazo 2,330.

Msomaji atauliza: je, vumbi halizuii mwanga? Hulizuia, lakini kwa namna yake. Vumbi hupunguza rangi zote kwa usawa, na gesi hupunguza rangi moja tu. Chombo huzilinganisha rangi zilizo pembeni na ile ya katikati, na hivyo kutenga kazi ya vumbi na kazi ya gesi. Vumbi likizidi kabisa, au dirisha likichafuka, mwanga haupiti. Hapo chombo chenyewe hutangaza kwamba hakioni. Hilo ni jambo la thamani kubwa. Mlinzi anayesema hajaona sawasawa ni bora kuliko yule anayesema kuna amani huku amefumba macho.

KIVU YAPIMWA KWA LEZA

Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo yaliyoashiria kwamba methani ya Ziwa Kivu ilikuwa imeongezeka kwa hadi asilimia 15 katika muda wa miaka 30. Lau ongezeko hilo lingeendelea, gesi ingeweza kukaribia kiwango cha kufumuka ndani ya karne hii. Habari hiyo haikuwa ya kupuuzwa, ilihitaji kuhakikiwa.

Mwezi Machi 2018 wataalamu kutoka Ulaya na Rwanda walikutana ziwani na vyombo vya namna mbalimbali ili wapime maji yale yale kwa njia tofauti na kulinganisha majibu. Miongoni mwa vyombo hivyo kilikuwapo kimoja cha leza kutoka Ufaransa, kiitwacho Sub-Ocean. Chombo hicho hushushwa majini. Gesi iliyoyeyuka hupenya utando mwembamba na kuingia katika chumba kidogo, ambamo mwanga wa leza huipima papo hapo. Kiliweza kupima mita 150 za juu za ziwa kwa dakika 25 tu, pasipo kuchota maji hata kidogo.

Lilijitokeza pia jambo la kufundisha. Chombo hicho kilikuwa kimeundwa kwa ajili ya bahari, ambamo methani ni haba mno. Ilibidi kirekebishwe sana kabla ya kuletwa Kivu. Hata baada ya marekebisho hayo, katika kina cha mita 150 methani ilifika asilimia 77 ya gesi iliyopimwa, na chini ya hapo ikawa nyingi mno hata chombo kikashindwa kuusoma mstari wake sawasawa. Utajiri wa ziwa uliushinda ufundi uliotengenezwa kwa maji mengine. Vina vya chini vilipimwa kwa njia nyingine.

Majibu ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2020. Yalionyesha kwamba, kwa kadiri vyombo vinavyoweza kupambanua, gesi haijaongezeka tangu vipimo vya mwaka 1974, na kwamba ziwa liko karibu na hali ya mizani. Ikumbukwe kwamba uchunguzi huo haukusema kuwa hatari haipo. Ulisema kuwa hatari haikui kwa namna iliyohofiwa. Mwaka mmoja baadaye Nyiragongo ulipolipuka, wataalamu walikuwa na kipimo cha kuanzia. Na penye kipimo cha kuanzia, badiliko likitokea linaweza kutambuliwa.

KAZI ILIYO MBELE

Kutokana na hayo yako mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba kununua chombo si mwisho wa kazi. Leza huzeeka, vioo huchafuka, na kipimo husogea polepole kutoka katika ukweli. Kila baada ya muda chombo lazima kipewe gesi ya mfano, ambayo kiasi chake kinajulikana, ili kihakikiwe. Mahali ambapo hapana fundi wa kuifanya kazi hiyo, tarakimu huendelea kuonekana kwenye kioo, lakini hazina maana tena.

La pili ni kwamba chombo kilichobuniwa kwa ajili ya bahari au migodi ya mbali hakitafaa moja kwa moja katika ziwa letu. Kivu haina mfano wake, na vipimo vyake vitafanywa vizuri na watu wanaoijua. Wataalamu wa Rwanda wa mpango wa kuchunguza Ziwa Kivu walishiriki katika kazi ya mwaka 2018, na huo ni mwanzo mwema. Tena mwaka 2018 ilianzishwa mjini Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki inayoshirikiana na kituo cha Trieste kilichoasisiwa na Abdus Salam mwaka 1964. Kijana wa Nyakarenzo mwenye bidii katika hesabu na fizikia hana tena haja ya kuvuka bahari ili aanze safari hiyo.

La tatu ni kwamba vipimo viwafikie wananchi kwa lugha wanayoielewa. Mvuvi, mama muuza samaki na mwalimu wa shule ya msingi wanastahili kuambiwa gesi ni nini, inakaa wapi, na ishara zake ni zipi, kabla ya siku ya taharuki, si siku yenyewe. Kipimo kinachofungiwa kabatini hakimsaidii mtu aliyeko njiani na mzigo kichwani.

Ziwa Kivu litaendelea kutoa methani kwa miaka mingi, na mitambo itaongezeka. Kila mtambo utakaotia nanga utahitaji macho ya kuangalia mabomba yake usiku na mchana, na kila tanuri la Bugarama litahitaji kujua hewa yake. Leza ndogo ya nusukipitishi imekwisha kuthibitisha kwamba inaweza kuwa jicho hilo. Waswahili walinena kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Kwa watu wa kandokando ya Kivu, tahadhari huanza kwa kupima, na huendelea maadamu wapo watu wenye ujuzi wa kuhakikisha kwamba kipimo ni cha kweli.